Anna Freud na watoto waliohitaji mtu asiyeondoka

Mwezi Oktoba mwaka 1945, watoto wa umri wa kati ya miaka mitatu na minne walifikishwa katika nyumba moja ya kijijini kusini mwa Uingereza. Walikuwa wametoka katika kambi ya Theresienstadt, ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi. Wazazi wao walikuwa wameuawa. Siku za mwanzo watoto hao walivunja karibu kila kitu walichopewa kuchezea. Watu wazima waliokuja kuwatunza waliwapiga, wakawauma na kuwatemea mate.

Aliyesimamia mpango wa malezi yao alikuwa mwanamke wa miaka 49, mkimbizi kama wao, asiye na mtoto wa kumzaa wala shahada ya chuo kikuu. Jina lake ni Anna Freud.

Wengi wanalifahamu jina la baba yake, Sigmund Freud, mwanzilishi wa saikoanalisia, yaani tiba ya kuchambua nafsi kwa njia ya mazungumzo. Binti huyo hatajwi sana katika lugha yetu. Hata hivyo, mtu yeyote aliyemchukua mtoto wa kuasili, au mtoto wa marehemu ndugu yake, akashangaa kuona mtoto huyo anaukataa upendo anaopewa, amekutana na swali lililomshughulisha Anna Freud kwa zaidi ya miaka 40. Je, mtoto aliyeumizwa mapema anahitaji nini ili amwamini tena mtu mzima? Katika makala hii tunayatazama maisha yake na jibu alilolifikia.

Mtoto wa mwisho wa Vienna

Anna Freud alizaliwa mjini Vienna, Austria, tarehe 3 Desemba 1895, akiwa wa mwisho kati ya watoto sita. Mama yake, Martha, alikuwa amechoka kwa uzazi wa mfululizo, na malezi ya kila siku ya mtoto huyo yalikuwa zaidi mikononi mwa yaya, Josefine Cihlarz. Hivyo tangu mwanzo Anna alikuwa na uzoefu wa jambo ambalo baadaye angelieleza kitaalamu: moyo wa mtoto humfuata anayemlisha, anayemuogesha na anayekuwapo anapolia.

Hakusoma chuo kikuu. Alifaulu mtihani wa ualimu na kufundisha shule ya msingi mjini Vienna hadi mwaka 1920. Kazi hiyo ilimwachia tabia ambayo hakuiacha maisha yake yote, nayo ni kumtazama mtoto kwa makini na kuandika alichokiona kabla ya kutoa maoni.

Mwaka 1920 dada yake, Sophie, alifariki dunia kwa homa ya mafua iliyokuwa ikienea duniani, akaacha watoto wawili wa kiume. Anna alisaidia kuwaangalia. Mdogo wao alikufa mwaka 1923. Mkubwa, Ernst, alikua na baadaye akawa mtaalamu wa saikoanalisia. Msiba wa mtoto aliyefiwa na mama, kwa hiyo, ulikuwa nyumbani kwake kabla ya kuwa kazi yake.

Mwaka 1922 Anna alikubaliwa kuwa mwanachama wa chama cha wanasaikoanalisia cha Vienna, na muda mfupi baadaye akaanza kuwatibu watoto. Miaka hiyo wataalamu wachache sana waliamini kwamba mtoto mdogo anaweza kutibiwa kwa njia hiyo. Mtu mzima huja kwa daktari mwenyewe, anajua anaumwa na anataka apone. Mtoto huletwa na wengine. Mara nyingi haoni kwamba ana tatizo, na hana sababu ya kumwamini mgeni.

Katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu mbinu za kutibu watoto, Anna Freud alieleza kwamba mtaalamu anapaswa kwanza kutumia muda kuujenga uhusiano. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafumia watoto nguo za wanasesere, na aliwapigia chapa hadithi zao kwa taipureta. Kwa mtazamaji ilionekana kama kupoteza muda. Kwake hiyo ilikuwa sehemu ya tiba, kwa kuwa mtoto alikuwa akipima kama mtu huyu anafaa kuaminiwa.

Kufukuzwa nyumbani

Mwaka 1925 Anna alikutana na Dorothy Burlingham, Mmarekani aliyefika Vienna na watoto wake wanne kutafuta matibabu. Wanawake hao wawili wakawa marafiki na washirika wa kazi hadi kifo cha Dorothy mwaka 1979. Mwaka 1937, kwa fedha za daktari Mmarekani Edith Jackson, walifungua kituo cha kulelea watoto wadogo wa familia fukara za Vienna.

Kituo hicho hakikudumu. Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria. Tarehe 22 mwezi huo Anna alichukuliwa na Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, akahojiwa siku nzima kabla ya kuachiliwa. Tarehe 4 Juni familia ilipanda treni kuondoka Vienna, na siku mbili baadaye ikawasili London. Baba yake, aliyekuwa akiugua saratani ya kinywa tangu 1923 na kuuguzwa na Anna miaka yote hiyo, alifariki Septemba 1939, wiki tatu baada ya vita kuanza.

Si wote walioweza kuondoka. Dada wanne wa Sigmund Freud, shangazi zake Anna, walibaki Vienna wakiwa wazee, na wote waliangamia mikononi mwa Wanazi. Mmoja wao, Adolfine, alifia Theresienstadt, kambi ileile walikotoka watoto tuliowataja mwanzoni.

Mabomu, na jambo baya kuliko mabomu

London ilipokuwa ikipigwa mabomu, maelfu ya watoto waliondolewa mjini na kupelekwa vijijini bila wazazi wao. Mwaka 1941 Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulelea watoto wa vita katika eneo la Hampstead, kaskazini mwa London, pamoja na nyumba moja ya mashambani katika jimbo la Essex. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa Marekani. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria. Hadi vituo hivyo vilipofungwa mwaka 1945, vilikuwa vimewalea watoto wapatao 190.

Kila mfanyakazi alitakiwa kuandika kwenye vikaratasi yale aliyoyaona kwa watoto: nani alilia, nani alikataa kula, nani alianza tena kukojoa kitandani. Vikaratasi hivyo vilikusanywa na kujadiliwa. Matokeo yaliwashangaza watu wengi wa wakati huo. Watoto waliokuwa pamoja na mama zao waliweza kustahimili milio ya mabomu bila kuharibika sana. Waliotenganishwa ghafla na wazazi, hata kama walipelekwa mahali salama penye chakula cha kutosha, ndio walioathirika zaidi.

Anna Freud alichukua hatua mbili kutokana na hilo. Ya kwanza ni kuwafungulia wazazi milango. Wakati vituo vingi vya watoto na hospitali vilizuia wageni, kwake mama aliruhusiwa kuja saa yoyote, mchana au usiku.

Hatua ya pili inahusu moja kwa moja malezi ya watoto wa kuasili. Mwanzoni wayaya wote waliwahudumia watoto wote, kwa zamu. Watoto walikuwa watulivu lakini walichelewa kuzungumza na kujifunza usafi. Basi Anna aliwagawa katika familia ndogo, kila mlezi akipewa watoto wanne au watano wa kwake. Mlezi huyo ndiye aliyewaogesha, kuwavisha na kuwalinda.

Mabadiliko yalikuwa ya haraka, na mwanzoni hayakupendeza. Watoto waliokuwa wapole wakawa na wivu, wakang'ang'ania sketi za walezi wao, wakapiga kelele mlezi alipotoka chumbani hata kwa dakika moja. Mtu asiyejua angesema mpango umeharibu watoto. Lakini baada ya majuma kadhaa vurugu zilipungua, na watoto wakaanza kupiga hatua katika usemi na usafi kwa kasi ambayo haikuwapo kabla.

Kwa Anna Freud, kelele zile zilionyesha kwamba mtoto amepata kitu anachoogopa kukipoteza. Utulivu wa awali ulitokana na mtoto kutokuwa na mtu wa kumlilia.

Watoto sita wa Theresienstadt

Watoto waliofikishwa katika kijiji cha West Hoathly, kwenye nyumba iliyoitwa Bulldogs Bank, walikuwa sita: wasichana watatu na wavulana watatu, mmoja wao akiwasili wiki kadhaa baada ya wenzake. Walikuwa wameingia kambini wakiwa wachanga na kuwekwa katika wodi ya watoto wasio na mama. Wanawake waliowahudumia huko walikuwa wafungwa wenye njaa, na mara kwa mara walisafirishwa kwenda kuuawa. Kila mtoto aliyejaribu kumzoea mtu mzima, mtu huyo alitoweka.

Walezi wao wapya walikuwa dada wawili, Sophie na Gertrud Dann, wakimbizi kutoka Augsburg, Ujerumani, waliofanya kazi katika vituo vya Hampstead wakati wa vita. Waliyoyaona yaliandikwa na kuchapishwa mwaka 1951.

Watoto hao waliwapuuza watu wazima au kuwashambulia, lakini baina yao walikuwa kama mwili mmoja. Hawakukubali kutenganishwa hata kwa muda mfupi. Mmoja akibaki nyuma njiani, wengine walisimama kumngoja. Mezani, kumpitishia mwenzao chakula kulikuwa muhimu kuliko kula wenyewe. Wivu wa kugombea vitu, ambao kila mzazi mwenye watoto wa umri huo anaufahamu, haukuonekana kwao. Walipohofu au kukosa raha walinyonya vidole kwa sauti.

Dada hao wawili walipokea makofi na mate bila kulipiza na bila kuondoka. Waliendelea kupika, kuosha, kuwapeleka matembezini, siku baada ya siku, kwa karibu mwaka mzima. Polepole watoto walianza kuwaingiza walezi katika kundi lao: wakawangoja njiani kama walivyongojana, wakawapa sehemu ya chakula. Baadaye mtoto mmoja mmoja akaanza kumchagua mlezi wake na kumtaka awe wake peke yake. Hapo ndipo wivu ulipozaliwa, na Anna Freud aliuhesabu kuwa hatua ya mbele.

Hitimisho lake lilikuwa la tahadhari. Watoto hao walikuwa wagumu kulea, wenye hofu na hasira nyingi, lakini hawakuwa wahalifu wala hawakuwa wamepotewa na akili. Kilichowaokoa ni kwamba katika miaka yote ya kupoteza watu wazima, hawakupotezana wao kwa wao. Leo wataalamu wengi wanaoshughulikia uasili husisitiza kwamba ndugu wasitenganishwe, na simulizi ya Bulldogs Bank ni mojawapo ya sababu.

Mwaka 1946 watoto hao walihamishiwa katika nyumba nyingine ya watoto walionusurika, iliyosimamiwa na Alice Goldberger, mkimbizi aliyewahi kufanya kazi na Anna Freud. Baadhi yao waliasiliwa na familia, na hapo ulianza mtihani mwingine. Angalau mmoja alikua kwa miaka mingi bila kuelezwa na wazazi wake wapya ukweli wote wa alikotokea. Nia ilikuwa njema, kumkinga na maumivu. Lakini kimya hicho nacho kilimwachia maswali aliyoyabeba hadi utu uzima.

Saa ileile, chumba kilekile, mtu yuleyule

Mwaka 1947 Anna Freud alianzisha mafunzo ya wataalamu wa tiba ya watoto mjini London, na mwaka 1952 akafungua kliniki ya Hampstead. Miongoni mwa waliotibiwa na wataalamu wake kwa miaka walikuwamo vijana walionusurika kambini wakiwa watoto.

Utaratibu wa kliniki ulikuwa mkali. Mtoto alikuja mara tano kwa wiki. Alikutana na mtaalamu yuleyule, katika chumba kilekile, kwa saa ileile. Mtaalamu alipokuwa na likizo, mtoto aliambiwa mapema. Matibabu yalipokaribia kumalizika, walizungumza kuhusu kuagana kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe.

Kwa nini ugumu huo wote? Mtoto aliyeachwa mara nyingi hatarajii jingine ila kuachwa tena. Humjaribu kila mtu mpya: anaharibu, anatukana, anakaa kimya mwezi mzima, ili aone kama huyu naye ataondoka. Akibadilishiwa mtaalamu katikati, jaribio limethibitisha alichokiogopa. Akimkuta mtu yuleyule Jumatatu inayofuata, baada ya yote aliyomfanyia Ijumaa, amepata ushahidi ambao maneno hayawezi kuutoa.

Kliniki haikumtibu mtoto peke yake. Walezi nao walionana na wafanyakazi wake, kwa sababu saa moja ya tiba haiwezi kushindana na saa nyingine zote za siku. Mzazi aliyeambiwa kwamba ukaidi wa mtoto ni hofu aliweza kuvumilia kuliko aliyedhani amechukiwa.

Mzazi ni nani?

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake, Anna Freud aliwauliza mahakimu swali linalotangulia methali hiyo: machoni pa mtoto, mzazi ni nani?

Akishirikiana na mwanasheria Joseph Goldstein na daktari wa akili za watoto Albert Solnit, wote wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alichapisha mwaka 1973 kitabu kuhusu maslahi ya mtoto mahakamani. Walieleza kwamba kwa mtoto, mzazi ni yule anayekuwa naye kila siku na kumtimizia mahitaji yake, awe amemzaa au hakumzaa. Kumng'oa mtoto kwa mtu huyo ni kumjeruhi.

Walisema pia kwamba saa ya mtoto haiendi sawa na ya mtu mzima. Kesi ya kuasili ikiahirishwa miezi sita, kwa hakimu ni shauri la kawaida. Kwa mtoto wa miaka miwili ni robo ya maisha yake. Kwa hiyo uamuzi kuhusu makazi ya mtoto ufanywe haraka, na ukishafanywa uwe wa kudumu. Hoja hizo ziliathiri mijadala ya sheria za malezi na uasili Marekani, Uingereza na kwingineko.

Alipokosolewa

Anna Freud hakukosa wapinzani. Kuanzia 1942 hadi 1944 wanasaikoanalisia wa Uingereza waligawanyika katika mjadala mkali baina ya wafuasi wake na wa Melanie Klein, aliyeamini kwamba michezo ya mtoto mdogo inaweza kufasiriwa mara moja, bila kipindi kirefu cha kumzoea.

Wapo waliohoji pia tiba yenyewe. Anna alichambuliwa nafsi na baba yake mzazi, jambo ambalo leo halikubaliki katika taaluma. Watoto wa Dorothy Burlingham, aliowatibu na kuishi nao kwa ukaribu, hawakupata wote nafuu iliyotarajiwa, na baadhi waliendelea kuteseka hadi ukubwani. Tiba ya mara tano kwa wiki ni ghali, na familia chache duniani zinaweza kuimudu. Na msimamo wa kitabu cha 1973, kwamba mzazi aliyepewa mtoto ndiye aamue kama mzazi mwingine amtembelee, ulipingwa na wengi. Leo mwelekeo katika nchi nyingi ni kumsaidia mtoto wa kuasili ajue asili yake na, inapokuwa salama, adumishe uhusiano na ndugu zake wa damu.

Kutoka Hampstead hadi vijiji vya Kampala

Kazi ya vituo vya vita ilifika mbali, hata Afrika Mashariki. James Robertson, Mskoti aliyeajiriwa Hampstead kwanza kama mtunza tanuri la kupasha joto nyumba, alijifunza pale namna ya kuangalia watoto na kuandika. Baadaye alijiunga na daktari John Bowlby, na filamu yake ya mwaka 1952 kuhusu msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mama ilisaidia kubadili kanuni za kutembelea watoto wagonjwa Uingereza.

Mwenzao katika timu ya Bowlby, Mary Ainsworth, alivutiwa na namna hiyo ya kazi. Mwaka 1954 alikwenda Uganda na kuwatembelea nyumbani mara kwa mara mama na watoto wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alichokiona kwa Waganda, kuhusu mtoto anavyomtumia mama kama ngome ya kutokea na kurudi, kilikuwa msingi wa nadharia ya mshikamano baina ya mtoto na mlezi inayofundishwa leo duniani kote.

Anna Freud alipewa nishani ya CBE nchini Uingereza mwaka 1967, pamoja na shahada kadhaa za heshima kutoka vyuo ambavyo hakuwahi kusoma. Alifariki London tarehe 9 Oktoba 1982, akiwa na miaka 86. Kliniki yake sasa inabeba jina lake, na nyumba aliyoishi na baba yake ni jumba la makumbusho.

Kwa mlezi asiye na kliniki karibu, somo lake linaweza kuanzia nyumbani. Mtoto aliyekuja na majeraha alazwe na kulishwa na mtu yuleyule kadiri inavyowezekana. Aambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wake. Asitishwe kamwe kwamba atarudishwa alikotoka, hata kwa mzaha. Mlezi akisafiri, amwage na amwambie siku ya kurudi, kisha arudi siku hiyohiyo. Akipatikana mshauri nasaha, asibadilishwe kila mwezi kwa sababu mabadiliko hayajaonekana. Na kelele zikizidi baada ya mtoto kuanza kuzoea, tukumbuke walichokiona wayaya wa Hampstead wakati wa vita: huenda ndiyo mara ya kwanza mtoto huyo ana mtu wa kumlilia.